Bunduki ya Baba Niliyotaka Kuigeuza Raifali ya Mitutu Miwili

Baba alipofariki alituachia nyumba Dagoretti, ekari mbili za mahindi Nyahururu, ng'ombe wawili, deni la chakula cha mifugo, na shotigani ya Kiingereza, yaani bunduki ya kurusha marisau (vigololi vidogo vingi kwa mpigo), yenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Kuhusu ardhi na ng'ombe, ukoo una uzoefu wa vizazi. Kila mtu alijua aanzie wapi. Bunduki ndiyo iliyotukalisha vikao hadi usiku. Tangu wakati ule nimepigiwa simu na watu kadhaa wenye silaha ya marehemu kwenye kabati la nyumbani, na wengi wao wanataka kujua mambo mawili: waifanyeje, na kama ni kweli niliwahi kupanga kuigeuza raifali, bunduki inayorusha risasi moja nzito kwa kila mpigo. Nayaandika yote hapa ili nisiwe nayarudia kwenye simu, na kwa sababu jambo hili likienda vibaya linampeleka mtu gerezani au linamkata vidole.

Naanza na lile lisilosubiri. Leseni ya bunduki ni ya mtu aliyeandikwa juu yake, na hairithiwi. Baba alipokata roho, hakuna hata mmoja wetu pale nyumbani aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Baba mdogo alisema tungoje matanga yaishe. Shangazi naye alishauri tuifiche Nyahururu, "hadi mtajua la kufanya." Nawaheshimu wote wawili, lakini niliwakatalia. Kuiweka ndani bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kuisafirisha hadi Nyahururu ndani ya matatu ni kosa juu ya kosa. Nilipigia simu kituo cha polisi cha eneo letu, nikaeleza kuna msiba na kuna silaha yenye leseni ya marehemu. Askari walikuja wenyewe kuichukua, pamoja na sanduku la risasi. Usiibebe mwenyewe hadi kituoni hata kama ni karibu. Waache waje, waandike kwenye OB (daftari la matukio la kituo), wakupe stakabadhi yenye nambari ya silaha na idadi ya risasi, nawe uipige picha stakabadhi hiyo kabla hawajatoka mlangoni. Ile karatasi ndiyo iliyonifungulia kila ofisi baadaye.

Sasa nieleze raifali iliingiaje.

Ujanani baba alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji mmoja Mzungu aliyewapeleka wageni porini. Alifanya kazi ile hadi Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini. Mwajiri wake alipofunga biashara alimhamishia ile shotigani kwa njia ya halali, na baba akaitumia kutishia nyani mahindini kwa miaka yote iliyofuata. Hadithi zake lakini hazikuwa za shotigani. Zilikuwa za raifali ya mitutu miwili ambayo haikuwa yake, aliyoibeba begani nyuma ya bwana wake wakifuata nyayo za nyati. Alituonyesha jinsi mwindaji anavyoshika risasi mbili za akiba kati ya vidole vya mkono wa kushoto, ili akishapiga mbili za kwanza asipoteze muda kutafuta mfukoni. Alipoonyesha, vidole vilijipanga vyenyewe.

Kwa asiyeijua, raifali ya namna hiyo ni kama bunduki mbili kamili zilizowekwa kwenye kitako kimoja: mitutu miwili, mitambo miwili ya kufyatua, vifyatulio viwili. Upande mmoja ukigoma, wa pili haujali. Ilitengenezwa kwa ajili ya tembo na nyati walio hatua chache mbele yako, na jiji hili la Nairobi lina historia nayo ndefu. Hoteli ya Norfolk ilipofunguliwa mwaka 1904 misafara ya uwindaji ilikuwa ikipangwa mlangoni pake, na Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alipofika nchini mwaka 1909 alikuwa na raifali ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Mpya ya kampuni hiyo leo inapita pauni laki moja. Kwa hiyo watu wenye mapenzi nayo na wasio na hela hizo hutafuta njia nyingine, na njia inayozungumzwa sana ni kuchukua shotigani kuukuu na kuijenga upya iwe raifali.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anaishi Texas na alikuwa ameianza kazi hiyo. Kule, sheria ya taifa inamruhusu raia asiyekatazwa kumiliki silaha kujitengenezea raifali ya matumizi yake mwenyewe. Alinitumia picha na kuniambia, "Wewe ni fundi, na mzee amekuachia bunduki. Ijenge kwa kumbukumbu yake." Mimi ni fundi wa kukereza vyuma, karakana yangu iko Kariobangi Light Industries. Nimekereza shafti, bushi na rola za mashine za kusaga tangu nikiwa kijana. Maneno yale yalinishika. Nilikuwa na huzuni nzito, na mikono yangu ilikuwa ikitafuta kazi ya kufanya na ile huzuni. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wenye akili timamu huingia kwenye mpango kama huu, aanzie hapo. Si tamaa ya silaha.

Habari ilipovuja pale karakana, kijana mmoja wa mtaa wa pili alinifuata, akasema anajua watu, na kwamba ningepata mtutu "ndani ya wiki, bila maswali." Nilimwambia aondoke na asirudi na neno lile tena kwangu. Fundi yeyote wa vyuma anayesoma hapa anajua nasema nini: vipande tunavyonunua Gikomba na Kamukunji havina cheti. Huwezi kujua ni chuma gani, kilipashwa moto mara ngapi, kina ufa gani ndani. Shafti ya mashine ya posho ikivunjika, unakosa unga siku mbili. Mtutu ukipasuka, mkono wako wa kushoto ndio ulioushika, na uso wako uko juu yake.

Nilichofanya ni kuomba kwa maandishi silaha ihamishwe kutoka kituoni hadi kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, ambaye ana ghala la kuhifadhia na fundi mwenye kibali. Ilichukua muda na kuna ada ya kuhifadhi kila mwezi, na ada hiyo inaendelea kukimbia wakati wewe unangoja sahihi za watu. Iweke kwenye hesabu mapema. Ndugu zangu hawakuiweka, na tulikwaruzana juu ya nani alipe.

Yule fundi wa silaha ni mzee mpole, haongei haraka. Aliifungua bunduki mbele yangu, akatoa kipande cha mbao cha mbele, akachomoa mitutu na kuifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Kisha akaining'iniza kwa kidole kwenye lile jino lililo chini yake na kuigonga kwa kijiti. Mlio ulitoka safi, ukadumu, halafu mwishoni ukakwaruza. Akagonga tena karibu na mdomo, ukakwaruza zaidi. "Hapa lehemu imeachia," akasema. Mitutu miwili hushikamanishwa kwa lehemu pamoja na mbavu nyembamba za chuma juu na chini, na lehemu ikiachia maji yanaingia, kutu inakula chuma mahali usipopaona.

Baadaye akageuza mitutu, akanipa kioo cha kukuzia. Kwenye bapa za chini, zile zinazofichika bunduki ikifungwa, palikuwa na chapa ndogo ndogo: alama za nyumba ya majaribio ya Birmingham, tarakimu 2½, na maneno 3 TONS. Kule Uingereza kila mtutu lazima ufyatuliwe kwa risasi nzito kuliko kawaida kabla haujauzwa, na nyumba ya Birmingham imekuwa ikifanya hivyo tangu 1813. Ukipasuka, unapasukia huko. Ukistahimili, unapigwa chapa inayosema unaruhusiwa shinikizo gani. Kipimo cha tani kwa inchi ya mraba kilianza kutumika kwenye chapa hizo baada ya kanuni za 1954, kwa hiyo tulijua pia umri wa bunduki kwa kukisia. Na ile 2½ ni urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, kwa inchi. Kwa milimita huitwa chemba ya 65.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokiona tangu utotoni. Kwenye kifuniko cha sanduku la risasi baba alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, FUPI TU. Risasi nyingi za shotigani zinazouzwa siku hizi ni za milimita 70. Zinaingia vizuri kwenye chemba ya 65, kwa sababu ncha yake imekunjwa. Zikifyatuliwa, ile ncha hukunjuka, hukosa nafasi, hubana njia, na shinikizo hupanda kupita kile mtutu ulichoapishwa kubeba. Baba hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini alilijua hilo na aliliandika pale ambapo mkono wowote ungelikuta. Ukirithi shotigani ya zamani ya Kiingereza na leseni yako ikatoka, soma urefu wa chemba kabla hujanunua risasi hata moja.

Nilimweleza mzee mpango wangu wote. Hakunikemea. Alichukua risasi mbili kutoka kabatini, moja ya shotigani ya kipimo cha 12, nyingine ndefu ya shaba ya .470 Nitro Express, akazisimamisha mezani.

"Hii ya shotigani inabeba marisau ya gramu 32 hivi," akasema. "Na hii ya tembo, ile ncha ya mbele inayoruka ina uzito huo huo, gramu 32."

Uzito ni ule ule, ila mwendo ndio unaotofautiana. Marisau hutoka mdomoni kwa takriban mita 400 kwa sekunde, na ile ya pili kwa takriban mita 650. Mwendo ukizidishwa hivyo, nguvu inazidi maradufu. Shinikizo ndani ya chemba ya shotigani ya kawaida, kwa kanuni za Ulaya, lina ukomo wa bar 740 (bar ni kipimo cha shinikizo). La .470 linapita bar 2,000. Na bunduki ya baba, kwa chapa zake, haikuruhusiwa hata risasi nzito za shotigani za leo.

Nilikuwa nikidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba kazi ni kuchonga ile mifuo ya kuzungusha risasi ndani ya mitutu iliyopo. Haiwezekani. Ukuta wa mtutu wa shotigani nzuri ya Kiingereza, katikati ya urefu wake, ni mwembamba kuliko milimita moja. Hakuna chuma cha kuchonga. Wanaofanya kazi hii kule Marekani huitupa mitutu ya zamani na kuweka mipya ya raifali. Kinachobaki cha shotigani ni mwili, yaani kile chuma cha katikati kinachoshika mitutu, pamoja na mitambo ya kufyatua na kitako. Hata mwili wenyewe una udhaifu wake. Pale ukuta unaozuia matako ya risasi unapokutana na mkono wa chini, pana kona, na nguvu yote ya mlipuko inavuta pale. Watengenezaji wa raifali huinenepesha kona hiyo tangu mwanzo. Ya shotigani nyepesi haina unene huo, na imetiwa ugumu kwa juu tu, ndani ni laini. Ukiipasha moto wa kuchomelea umeondoa ule ugumu wa juu, na huwezi kuurudisha kwa kubahatisha. Niliposikia hivyo, yule fundi wa kukereza aliye ndani yangu alinyamaza. Hiyo ni lugha ninayoielewa.

Kuna jambo jingine ambalo binamu yangu ndiye aliyenifundisha, kwa gharama yake. Kufunga mitutu miwili haitoshi, lazima ikubaliane. Ukipiga wa kulia, bunduki hurukia juu na kulia kabla risasi haijatoka. Ukipiga wa kushoto, hurukia kushoto. Kwa hiyo mitutu iliyonyooka sambamba kabisa hutawanya risasi. Inabidi midomo ivutwe karibu kidogo, kiasi ambacho huwezi kukipata kwa hesabu pekee, mpaka risasi zote mbili zitue pamoja kwenye umbali uliochaguliwa. Fundi anapiga, anaangalia shabaha, anayeyusha lehemu, anasogeza kabari kidogo tu, anafunga, anapiga tena. Na ikishakubaliana, imekubaliana na risasi ya aina ile ile moja. Badilisha uzito au baruti, zinaachana. Hata joto la hewa lina neno lake: zamani baruti ya kordaiti ilipanda nguvu kwenye joto, mpaka makampuni ya Uingereza yakawa yanatengeneza risasi zenye ujazo mdogo kwa ajili ya India na Afrika.

Risasi moja ya .470 inagharimu zaidi ya dola kumi kule kwao. Binamu alichagua kipimo chepesi cha zamani, .45-70 cha mwaka 1873, akiwa na mwili wa shotigani uliopimwa na fundi, na bado mwaka ulipinduka akiwa anayeyusha lehemu na kusogeza. Aliniambia kwa simu, sauti imechoka, kwamba hela alizokwishatumia zingemnunulia raifali kamili iliyotumika, na kwamba mkewe ameacha kuuliza. Alipomaliza ilipiga vizuri, na nilifurahi naye. Lakini mitutu alinunua yenye vyeti, alikuwa na fundi wa kumkagulia, na juu ya yote alikuwa na sheria upande wake.

Hapa Kenya sheria haiko upande huo. Kutengeneza au kugeuza silaha ni kazi ya waliosajiliwa na kupewa kibali. Na fikiria hili: cheti kinataja aina ya silaha, kipimo na nambari. Ukiigeuza shotigani kuwa raifali, hata ukiwa na leseni halali mfukoni, unachoshika si kile kilichoandikwa. Umejitengenezea silaha isiyo na leseni kwa mikono yako mwenyewe. Kuanzia mwisho wa 2018 hadi 2019 wamiliki wote walitakiwa kukaguliwa na kusajiliwa upya, na tofauti ya aina hiyo ingeonekana mara tu bunduki ikifunguliwa. Halafu ungeitumia wapi? Uwindaji wa burudani ulifungwa 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuufungua.

Mpango wa raifali niliuacha siku ile pale mezani. Niliumia, sitaki kuficha. Nilikuwa nimeijenga kichwani hadi rangi ya kitako.

Kilichobaki kilikuwa kuiponya bunduki kama ilivyo, na hilo limenipa amani kuliko nilivyotarajia. Mzee alilehemu upya mbavu zilizoachia. Kitako, cha mti wa jozi, kilikuwa na ufa kwenye shingo, pale mkono unaposhika, na hapo ufa haupuuzwi kwa sababu mshindo wote unapita pale. Aliusafisha mafuta ya miaka kwa spiriti, akatia gundi, akapitisha kijiti cha shaba ndani kisichoonekana. Kwa kuwa sikuwa na leseni sikuruhusiwa kuondoka na silaha, ila alinipa kile kitako pekee, mbao tupu, nikipake mafuta ya kitani mbele yake. Tone dogo, unasugua kwa kiganja mpaka mbao ipate joto, unaacha siku nzima, unarudia. Nilienda kila nilipopata nafasi. Ukiwa na mkono unaotaka kazi wakati wa msiba, muulize fundi kama kuna sehemu isiyo na madhara unayoweza kuishughulikia. Mengi ya huzuni yangu yaliishia pale.

Upande wa karatasi, anza mirathi mapema. Barua ya chifu, cheti cha kifo, majina ya warithi wote na sahihi zao, kisha tangazo kwenye Gazeti la Serikali kwa siku 30, na kwa kawaida miezi sita kabla ya mahakama kuthibitisha. Bunduki iandikwe kwenye orodha ya mali pamoja na ng'ombe na shamba. Wengi huiacha kwa hofu, na baadaye hawana hati yoyote inayoonyesha waliipataje. Ombi la leseni ni jambo tofauti kabisa na mirathi. Mimi nilianza na cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), shilingi 1,050, alama za vidole zikachukuliwa, halafu uchunguzi wa daktari pamoja na wa akili, halafu mahojiano. Andaa jibu la swali la kwa nini unaitaka. Nilipoulizwa nilisema ni kumbukumbu ya baba, na afisa akanieleza kwa upole kwamba kumbukumbu si sababu. Niliporudi nilienda na hati ya shamba la Nyahururu, barua ya chifu wa kule kuhusu nyani, na picha ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani. Hiyo sefu ndiyo ghali kuliko yote niliyonunua, na inabidi iwepo kabla ya leseni, wakati hujui kama utapewa.

Faili langu sasa liko mbele ya Bodi ya Leseni za Silaha. Sijajibiwa. Ndugu zangu nami tumekaa na kuweka sahihi kwamba nikinyimwa, muuzaji aliyesajiliwa ataiuza kwa mtu mwenye leseni, hela zitalipa kwanza ada ya ghala na deni la chakula cha ng'ombe, na nakala ya makubaliano hayo iko kwa wakili, kwa muuzaji, na kwa baba mdogo.